Santuri Ndefu za Barke

Nilikuwapo siku Barke alipokuta sanduku lake halipo, kwa hiyo haya siyasimulii kwa kusikia. Na kila ninapoyasimulia hasira hunirudia upya, mtaniwia radhi.

Mimi ni Mwikali. Tulikuwa tukifanya kazi pamoja katika hoteli moja ya ufuoni, Shanzu, mwaka wa themanini na tisa, mimi mapokezi na Barke kwenye simu. Siku zile mgeni hakuwa na njia ya kupiga simu Ulaya mwenyewe chumbani. Alikuja kwa Barke, akamtajia namba, kisha akaketi kwenye kiti cha henzirani kungoja laini, na huenda ikakataa mpaka akasinzia. Barke alikuwa na Kiingereza kizuri na Kijerumani cha kuombea maji, na hakupenda kuona mtu amekaa bure. Basi akiwazungumzisha. Na mazungumzo yake, ukiyaacha yaende, yaliishia pale pale: "Ule wimbo unaopigwa disko, mnao kwenu ule mrefu?"

Hapo ndipo santuri zake zilipotoka.

Nieleze kidogo, maana hata mimi mwanzo sikuelewa. Redioni tulikuwa tukisikia zile nyimbo za Wazungu za vinanda vya umeme na ngoma za mashine. Dakika tatu, basi, imekwisha, habari zinasomwa. Kumbe wimbo huo huo ulikuwa na ndugu yake, santuri pana kama sinia, wimbo mmoja tu kila upande. Humo wimbo umefunguliwa. Ngoma inaanza peke yake, haina haraka. Besi inafuata. Kinanda kinachungulia, kinatoka, kinarudi na mwenzake. Mwimbaji anacheleweshwa mpaka wewe mwenyewe unamtamani. Zilitengenezwa kwa ajili ya wapiga disko, na nyingine hazikuuzwa dukani hata siku moja. Hizo zilikuwa na karatasi nyeupe tupu katikati, jina la wimbo limeandikwa kwa mkono, na zilichapwa chache mno. Barke alikuwa nazo hata hizo. Kulikuwa na bibi mmoja wa Hamburg aliyekuja kila Januari, mwanawe akipiga disko huko kwao, naye hakuja bila santuri mbili tatu amezifunga ndani ya taulo. Barke akimngojea na halwa na kahawa kama anamngojea shangazi.

Santuri zilizokuja bila majalada alizishonea mifuko ya leso. Zote zikakaa ndani ya sanduku la mbao chini ya kitanda chake, mtaa wa Junda, nyumbani kwa mama yake, Bi Tumu. Barke alikuwa ameachika, amerudi kwao, na sanduku hilo lilikuwa, nadhani, kitu cha kwanza maishani mwake ambacho hakupewa na mwanamume wala hakikuweza kuchukuliwa na mwanamume. Ndivyo alivyofikiri.

Msidhani alikuwa akizificha tu. Junda na mitaa ya jirani, mwanamke akiolewa, kuna siku ya kupamba. Bibi arusi hutolewa akatazamwa, na wanawake hucheza wao kwa wao, mwanamume haingii. Sasa muziki nani aupige? Zamani kijana aliketi nje ya turubai akibadilisha kanda bila kuona ndani, akikatiza watu utamu. Barke akalichukua jambo hilo. Alikuwa na pleya na spika mbili alizonunua hoteli ilipobadilisha vyombo, akiketi pembeni ya ukumbi na buibui amelitundika, akipiga. Na santuri ndefu ndizo zilizofaa. Wimbo mfupi, mwanamke hajavua buibui, hajamkabidhi mtoto kwa mwenziwe, umekwisha. Ule mrefu ulimngoja. Nimewaona kina mama wa makamo, watu wa swala tano, wakishikana viuno kwa ngoma ya mashine ya Ujerumani na kucheka hadi machozi.

Sasa Mwanatatu, binti wa jirani yao Bi Nyamvula, alikuwa aolewe, na siku ya kupamba iliwekwa Jumapili baada ya alasiri. Sisi tulikuwa tumeshinda wiki nzima tukilala kwenye vyumba vya wafanyakazi, hoteli imejaa. Alhamisi tulipata likizo, Barke akanialika kwao. Tukafika, tukawaamkia wenyewe, akaenda chumbani kuchagua santuri. Nikamsikia akisema, si kwa sauti kubwa, "Mama, sanduku langu li wapi?"

Bi Tumu alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso. "Muulize nduguyo."

Nduguye ni Mbarak, mdogo wake, karani wa kampuni moja ya kutoa mizigo bandarini. Alikuwa barazani anakata kucha. Barke ndiye aliyemlea Mbarak, mama yao alipokuwa mgonjwa, alimbeba mgongoni. Lakini baba yao alipofariki, Mbarak alijiona amekuwa mwenye nyumba, japo nyumba haikuwa yake.

"Nimempa Jumaa," akasema. "Tangu Jumapili iliyopita."

"Jumaa yupi?"

"Jumaa wa Kisauni, dada. Yule mpiga disko. Siku hizi ana ukumbi kule Changamwe, kila Jumamosi alasiri. Watu wanajaa."

"Umempa. Ukaniuliza?"

Mbarak akacheka kidogo, kama mtu anayemweleza mtoto jambo jepesi. "Nikuulize nini? Mwanamke na disko wapi na wapi? Vitu vile vilikuwa vinaoza chini ya kitanda. Jumaa amevipatia kazi. Na jina langu ameliandika kwenye tangazo. Mimi ndiye meneja."

Barke akasema, "Vinaoza?" Neno hilo tu. Akaingia ndani.

Ijumaa tulikwenda Changamwe, yeye na mimi. Tulimpata Jumaa kwenye ule ukumbi, nyuma ya viwanda, malori yakinguruma nje na harufu ya mafuta kila mahali. Mlangoni palibandikwa tangazo: Dijei Jey Leza na mkusanyo wake kutoka Ulaya. Jey Leza ni Jumaa huyo huyo. Chini, kwa herufi ndogo, meneja Mbarak. Barke alilisoma lote.

Jumaa mwenyewe alikuwa na adabu, hilo siwezi kumnyima. Alitutolea salamu, akatuletea viti, akamwita dada Barke.

"Nimekuja kuchukua santuri zangu," Barke akamwambia.

"Dada yangu, mimi nimezipokea kwa Mbarak. Ni mwanamume mwenzangu, tumekubaliana. Nikikupa wewe, kesho yeye akinidai nitamwambia nini? Nenda kamlete mwenye mali."

"Mwenye mali ni mimi."

"Aa, mambo ya nyumbani kwenu hayo, mimi siyaingilii."

Sanduku lilikuwa wazi nyuma yake. Barke akainama, akatoa santuri moja kwenye mfuko wake wa leso. Pale katikati, juu ya karatasi, mtu alikuwa ameandika kwa wino mweusi mzito: JEY LEZA. Akatoa nyingine. JEY LEZA. Ya tatu, jina la wimbo lilikuwa limefunikwa kabisa.

"Ni kawaida," Jumaa akasema. "Zisiibiwe."

Zisiibiwe! Nilitaka kumrukia. Barke akauliza tu, taratibu, "Na unazipigaje?"

"Vizuri sana. Ila mianzo yake inachosha, dada. Ngoma tupu, ngoma tupu, watu hawana subira. Naruka, naanzia pale mtu anapoimba. Halafu mimi mwenyewe naongea juu yake, nachangamsha."

Nikasema, "Sasa si ungenunua zile fupi?"

Alinitazama jinsi wateja wengine hotelini wanavyonitazama, kama kiti kimezungumza. Tukaondoka mikono mitupu. Njiani Barke hakulia. Tulipovuka daraja la Nyali aliniambia, "Mwikali, afadhali angekuwa mwizi. Mwizi anajua kitu ni cha mtu. Huyu haoni hata kama kuna mtu."

Nyumbani alimwomba Mbarak aende naye Changamwe aseme neno moja. Mbarak akakataa, kwamba hawezi kujivunjia heshima mbele ya rafiki zake. Barke akamwambia mama yake kwamba ataenda kwa chifu.

"Nyamaa, mwanangu," Bi Tumu akamwambia. "Utakwenda kwa chifu useme nini? Mwanamke mzima, ameachika, anadai santuri za disko? Watatucheka mpaka Bamburi. Weye mwachie Mungu."

"Mungu hakumpa Jumaa, mama. Mbarak ndiye aliyempa."

"Nyamaa, nakwambia."

Akanyamaza. Lakini ule haukuwa unyamavu wa kukubali. Alikaa kitandani juu ya ile nafasi tupu, mikono magotini. Nikajua ni hasira, hana pa kuiweka.

Jumamosi asubuhi wanawake walikusanyika kwa Bi Nyamvula kuchambua mchele na kutwanga viungo vya pilau. Ua mzima ulinuka iliki na bizari. Bi Tumu alikuwapo na ungo wake. Barke alingoja mpaka shughuli ilipotulia, baada ya adhuhuri, akamwendea Bi Nyamvula, akamwambia mbele ya wote, kwa sababu hakuona haja ya kunong'ona: "Shangazi, niwie radhi. Kesho sina muziki. Mbarak amempa Jumaa wa Kisauni santuri zangu, na Jumaa amekataa kunirudishia. Anasema nimlete mwanamume."

Bi Nyamvula alikuwa mwanamke mrefu, mzaliwa wa Jomvu, mwenye sauti ya kuita watu kutoka ng'ambo ya shamba. Aliuweka mchi chini.

"Amesema umlete nani?"

"Mwanamume."

"Kwa vitu vyako?"

"Kwa vitu vyangu."

Mwanamke mmoja aliyekuwa akimenya vitunguu saumu akasema, "Mimi nilicheza kwa santuri zile siku ya arusi ya mwanangu." Mwingine: "Na mimi." Mwingine akasema kwamba pale ndipo alipocheka mara ya kwanza tangu kufiwa, na huyo kijana amwambie yeye kwamba santuri zile ni za nani. Maneno yakaanza kupanda. Wengine hawakuwa wakizungumza habari ya Barke tena. Huyu cherehani yake imeuzwa na mumewe. Huyu mbuzi wake wamechinjiwa wageni wa shemeji bila kuulizwa. Kila mmoja alikuwa na sanduku lake lililochukuliwa.

"Nipeni buibui langu," Bi Nyamvula akasema.

Palikuwa na pikapu ya mpwa wake, imeleta kuni na masufuria ya kukodi. Wakayashusha masufuria, wakapanda wao. Sikuwahesabu. Najua tulijaa, na nilikuwa mimi peke yangu nisiye na buibui, mmoja akanitupia leso begani nisionekane mgeni. Bi Tumu alipanda pia. Sikujua kama anakuja kumtetea Barke au kumzuia, na njia nzima alikuwa amekumbatia ungo aliosahau kuuacha.

Mlangoni mwa ukumbi kijana wa tiketi alisimama, akatutazama, akakaa. Kisha akasimama tena. "Mama, kuingia ni kwa tiketi."

"Hatukuja kucheza," Bi Nyamvula akamjibu. Akampita kama mtu anayepita pazia.

Ndani giza la kutengenezwa, madirisha yamefunikwa kwa makaratasi, taa nyekundu na za kijani zinazunguka, vijana wa viwandani na wasichana wao wanacheza. Muziki ulikuwa ni wa Barke. Nilimwona akisimama kusikiliza. Ulikuwa ule wimbo ambao besi yake inapanda polepole kama mtu anayepanda ngazi gizani, na ngazi ya kwanza tu Jumaa akaipeleka sindano mbele, kraa!, akaanza kupiga kelele kwenye maikrofoni, Jey Leza, Jey Leza, mkusanyo kutoka Ulaya.

Barke akapita katikati ya wachezaji. Wale vijana walipisha wenyewe, wakidhani labda kuna msiba. Akapanda kwenye jukwaa na buibui lake, akainyanyua sindano, kwa upole, kama anavyoinyanyua siku zote. Juu ya mkono wa ile pleya Jumaa alikuwa ameweka sarafu, aizidishie uzito isirukeruke. Barke aliitoa ile sarafu akaitupa.

Zomeazomea, miluzi. "Wewe mama, toka!" "Washa muziki!" Taa za kawaida zikawashwa, na kila mtu akaona wanawake wa Junda wamejipanga ukutani.

Jumaa alijaribu kucheka. "Shikamoo, Bi Nyamvula. Kuna nini tena?"

"Marahaba. Mrudishie mwenyewe vitu vyake."

"Lakini mimi nimepewa na Mbarak. Si huyo hapo? Muulizeni."

Kweli, Mbarak alikuwa pale mezani karibu na jukwaa, amevaa miwani ya jua ndani ya nyumba, soda mbele yake. Macho yote yakamgeukia. Akasimama, akarekebisha kola.

"Hizi ni mali za nyumba yetu," akasema. "Na baada ya baba, msimamizi wa nyumba ni mimi. Dada, unanitia aibu mbele ya watu. Nenda nyumbani."

Nilimtazama Barke. Alikuwa ameikumbatia ile santuri kifuani, akitafuta pa kuanzia. Nami nilikuwa najiandaa kumjibu Mbarak mimi, kwa Kiswahili changu cha Machakos, potelea mbali, niliposikia sauti nyuma ya Bi Nyamvula.

"Mbarak. Vua hiyo miwani unizungumzishe."

Bi Tumu alikuwa amejitokeza na ungo wake. Mbarak akavua.

"Nyumba ni ya nani?"

"Mama, si mahali pake hapa."

"Nimekuuliza nyumba ni ya nani. Babako alimwandikia nani?"

"Wewe, mama."

"Basi nyumbani kwangu, sanduku lile ni la Barke. Nilimwona akilijaza. Weye hukutia hata msumari. Mimi nilimwambia anyamaze, kwa kuogopa watu, na sasa watu ndio hawa, nawatazama, siwaogopi. Litoe ulipakie garini. Kwa mikono yako."

Zomeazomea iliisha. Msichana mmoja katika wachezaji, aliyevaa sare ya kiwanda cha bati, akapiga makofi, na wenzake wakamfuata. Mbarak akalibeba sanduku. Alipita mbele ya watu wote wale akiwa amelikumbatia, uso umemwiva.

Laiti ingekuwa imeishia hapo. Garini Barke alifungua sanduku na kuzipitia mfuko kwa mfuko, akasimama. "Zile nyeupe hazimo."

Jumaa alikuwa ametufuata nje. Alikwepesha macho. Alisema mtu mmoja kutoka Nairobi, mpiga disko mkubwa, alipita Jumatano akazipenda. Wamebadilishana.

"Umebadilishana na nini?"

Aliangalia chini, nasi tukaangalia alipoangalia. Miguuni alikuwa na viatu vya raba vyeupe, vipya.

"Vivue," Bi Nyamvula akasema.

"Mwache," Barke akasema. "Sivitaki. Nataka avivae. Nataka kila akivifunga kamba ajue ni vya nani."

Hapo ndipo alipolia, na hakulia kwa huzuni. Alipiga ngumi ubao wa gari mpaka nikamshika mkono.

Jumapili tulicheza. Santuri nyingine zilikuwa na michirizi na zilitoa sauti kama mafuta yanayokaanga, lakini wanawake hawakujali, na Mwanatatu alipotolewa, amepambwa kwa asumini, Barke alimpigia wimbo mrefu kuliko zote, na haukukatizwa na mtu. Baadaye alijaribu kuufuta ule wino kwa spiriti. Jina la Jumaa lilitoka, na jina la wimbo likatoka nalo. Mbarak alihamia mjini kisiwani baada ya mwezi, na kwa muda mrefu akija kumwona mama yake aliketi barazani tu. Hakuwahi kuomba msamaha. Alikuwa akisema Barke ndiye aliyevunja undugu kwa ajili ya plastiki.

Barke aliendelea kupiga kwenye kupamba, Kisauni yote mpaka Mtwapa. Bibi wa Hamburg alipewa habari, akasikitika, lakini mwanawe alikuwa ameacha disko na zile nyeupe hazikupatikana tena. Miaka ya tisini kanda zikajaa, kisha zikaja zile sahani ndogo za kung'aa, na wageni wakawa wanampa santuri bure, wanaona mzigo. Sanduku likawa mawili, kisha matatu.

Mwaka wa tisini na tano mjumbe alikuja Junda: Nana anaolewa, na mama yake anamwomba Barke apige. Nana ni dada yake Jumaa. Barke alikaa na habari hiyo siku kadhaa. Mimi nilimwambia asiende.

"Nana amenikosea nini?" akaniuliza. "Na yeye acheze."

Tukaenda. Teksi iliposimama mbele ya nyumba yao, aliyetoka kutupokea alikuwa Jumaa, amenenepa kidogo, kanzu nyeupe, kofia ya vito. Disko aliliacha zamani. Alitusalimu vizuri, akacheka kicheko cha mtu mzima.

"Dada Barke, karibuni. Yale ya ujana, tulikuwa tunataniana tu. Utoto ule. Lete nikusaidie mzigo."

Akanyoosha mikono kwenye sanduku.

"Usiliguse," Barke akamwambia.

"Ni zito, dada."

"Najua uzito wake. Mimi sikuwa nikitania, Jumaa. Si siku ile, si leo. Ondoka njiani."

Watu walikuwa wanatazama, shemeji zake, wageni. Akabaki na mikono hewani, hajui aiweke wapi, kisha akasogea. Nikashika upande mmoja, Barke akashika wa pili, tukaliingiza ndani ya ua, ambako wanawake walikuwa wamekwisha kuanza kuvua mabuibui.